Nilimwagilia mti uliokufa kwa miezi miwili

Bonsai yangu ya kwanza, yani mti unaolelewa kwenye chungu ubaki mdogo, nilinunua mwezi wa kumi na moja, hapa Maryland, Marekani. Kuna jamaa alikuwa kapaki gari pembeni ya kituo cha mafuta, kapanga vimiti juu ya meza, vyote aina moja, kila kimoja kwenye kichungu cha bluu na vijiwe vyeupe juu vimekaa vizuri mpaka unajiuliza vilipangwa saa ngapi. Dola 35. Nikamuuliza unatunzwaje huu, akasema rahisi tu dada, weka dirishani, mwagilia kidogo kidogo, basi. Nikaubeba kama mtoto mchanga, nimeufunika na koti kwa sababu kulikuwa na upepo.

Nyumbani nikatafuta sehemu nzuri kuliko zote, dirishani juu ya hita. Nikasema huu mti ni mdogo, baridi ya huku itauua, akae hapa penye joto. Kila asubuhi nikirudi kazini (nafanya kazi usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee) kabla sijalala nilikuwa naumwagilia kikombe kimoja cha maji. Krismasi ikapita ni wa kijani. Mwaka mpya ukapita, wa kijani. Nilikuwa natuma picha zake hadi kwa mawifi kule nyumbani.

Alafu siku moja mwezi wa pili, nimeshika kikombe changu kama kawaida, mkono wa sweta ukagusa tawi na majani yakamwagika. Sio mawili matatu, yalimwagika kama mtu kapuliza pumba kwenye ungo, yakatapakaa dirishani, na bado yana rangi ile ile ya kijani. Nikasimama pale na kikombe mkononi. Niliuchukua mpaka kwa mzee mmoja jirani ambae ana miti ya bonsai uani kwake, akakwangua gome kidogo na ukucha, akanionyesha. Chini ya gome inatakiwa kuwe na kingozi chembamba cha kijani chenye unyevu. Wangu ulikuwa wa kahawia, mkavu, kutoka juu mpaka chini. Akaniambia mama, huu ulikufa kabla ya Krismasi.

Nililia, nasema ukweli. Miezi miwili namwagilia maiti.

Ndo hapo nikajifunza kitu cha kwanza kabisa kuhusu junipa, maana ule mti wangu ulikuwa junipa, na kama huna muda wa kusoma yote haya beba hiki tu: junipa haikuambii inapokufa. Ua la kawaida likikosa maji linalegea jioni ile ile, unaliona, unakimbilia ndoo. Junipa inakufa mizizi na majani yanabaki kijani wiki kwa wiki, ni kama lile tawi la mti wa Krismasi tunalokata nyumbani na kulichomeka kwenye ndoo ya mchanga, limeshakatwa lile, halina mzizi hata mmoja, lakini mpaka tarehe moja bado linapendeza sebuleni. Kwa hiyo ukisubiri kuona njano umechelewa sana. Dalili inayokuja mapema ni rangi kupoteza uhai wake, ule ukijani unakuwa kama umepakwa majivu, na ukishika majani yanakuwa makavu ya kuchomachoma badala ya laini yenye uzito kidogo. Mi siku hizi nauangalia kwa vidole zaidi ya macho.

Yule mzee akautoa kwenye chungu tukauchunguza, na hapo ndo niliumia zaidi. Vile vijiwe vyeupe vilikuwa vimegandishwa na gundi! Yani ni mfuniko mmoja mgumu, vimebandikwa ili visimwagike kwenye gari, na mimi maji yangu yote ya kila asubuhi yalikuwa yanateleza juu ya mfuniko yanashuka pembeni ya chungu yanatokea kwenye kitundu cha chini, mi nikiona maji yametoka nasema tayari umeshiba. Katikati bonge la mizizi lilikuwa kavu kama tofali la kuchoma. Juu ya hapo kuna hewa ya hita inayokausha kila kitu, mpaka midomo yangu mwenyewe ilikuwa inapasuka, na mwanga wa dirishani ambao sisi tunauona mwingi lakini kwa junipa ni giza. Huu ni mti wa nje. Unataka jua lenyewe la kuupiga, masaa manne matano na zaidi kwa siku, unataka upepo, na hiyo baridi niliyokuwa nauficha inauhitaji, kwa sababu huko kwao winta inapofika unalala, unapumzika, ndo mwaka unaofuata unakuwa na nguvu ya kuchipua. Nilikuwa nimeunyima usingizi na maji kwa wakati mmoja, huku naona naulea.

Sasa kuna jambo lilinifanya nisiachie hapo. Mzee aliniandikia jina la mti kwenye karatasi ili nikasome: Juniperus procumbens, ile aina fupi inayoitwa Nana. Kwao ni Japani, kusini kule, unajitandaza chini karibu na bahari. Nikaingia intaneti kusoma habari za junipa, kumbe ziko aina zaidi ya 50, karibu zote ziko kaskazini ya ikweta, na moja tu ambayo kwa asili yake imevuka ikweta ikateremka kusini. Juniperus procera. Nikafungua picha.

Mwangati!

Mi ni mtu wa Shume, Lushoto. Mwangati nimeuona tangu sijajua kuhesabu, Kenya wanauita mtarakwa lakini ni mti huo huo, ule mrefu wa kwenye ukungu wenye gome la kuchanikachanika kama kamba. Nguzo za uzio wa babu zilikuwa za mwangati kwa sababu mchwa hauzigusi, zilisimikwa kabla baba hajaoa na mimi nilizikuta zimesimama. Mjerumani aliutaka sana mti huu, alijenga njia ya nyaya ya kuteremshia magogo kutoka Shume mpaka Mkumbara kwenye reli ya Tanga, na penseli nyingi za zamani zilitoka kwenye miti ya ukoo huu. Kumbe ule mti niliouweka juu ya hita ni ndugu yake na mwangati. Na kila mtu aliyekulia Shume anajua mwezi wa saba kulivyo, unaamka nyasi zina umande wa barafu, ukungu mpaka saa nne, na mwangati umesimama tu hapo haujamuomba mtu blanketi. Ningeujua jina lake tangu siku ya kwanza nisingeuingiza ndani.

Basi mwezi wa nne nikanunua mwingine. Safari hii sikununua bonsai, nilienda kitalu cha kawaida cha maua ya bustani nikachukua junipa iliyo kwenye kopo jeusi la plastiki, dola 18, majani yamejaa hovyo hovyo kama nywele za mtoto aliyeamka. Hii ndo njia ninayomwambia kila mtu. Mti wa kitalu una mizizi mingi na shina nene na una afya, bonsai utaitengeneza mwenyewe, na unakuwa umeijua tangu mwanzo. Usiangalie majani wakati wa kuchagua, chimba na kidole pale chini shina linapoingia kwenye udongo, uone lina unene gani na limepinda vipi, majani yatakuja tu.

Mwaka wa kwanza sikuuhamisha chungu. Niliukata kidogo nikauacha ukae. Watu wengi wanakosea hapa, wanafika nyumbani siku ile ile wanapogoa nusu ya majani, wanakata mizizi, wanafunga waya, wanauweka kwenye chungu cha sahani, alafu wiki ya sita wanashangaa. Junipa nguvu zake ziko kwenye majani. Miti mingine inaweka akiba kwenye mizizi na shina, ukiikata upara inachipua tena, junipa ukivua tawi majani yote lile tawi limekwisha, halichipui tena likishabaki tupu. Kwa hiyo jambo kubwa moja kwa msimu mmoja: mwaka huu matawi, mwaka ujao mizizi.

Mizizi niliifanya mwanzo wa machipuo ya mwaka wa pili, pale baridi kali imeisha na ncha za majani zinaanza kupata ukijani mpya. Udongo wa bonsai sio udongo, na hili lilinichukua muda kulikubali kwa sababu sisi wa milimani tunajua udongo mweusi wenye mboji ndo mali. Kwenye chungu kifupi udongo ule unashikana, unakaa na maji, mizizi inakosa hewa inaoza. Wanachotumia ni changarawe ndogo ndogo, mi nachanganya sawa kwa sawa tatu: akadama, huo ni udongo mgumu wa Japani wa punje punje, mawe ya volkano, na pumisi, yale mawe mepesi yenye vitundu. Unachekecha kwanza kama unga utoe vumbi lote, vumbi ndo adui maana linaziba zile nafasi. Ukimwaga maji yanapita kama kwenye kokoto lakini kila punje inabaki na unyevu wake. Kwenye mizizi usioshe udongo wote wa zamani ukaiacha uchi, junipa haipendi. Nilisafisha upande mmoja nusu, nusu nyingine nikaiacha na udongo wake mpaka zamu ijayo baada ya miaka miwili mitatu. Nikapitisha waya kwenye matundu ya chini nikaufunga mti kwenye chungu usicheze, kwa sababu mti unaotikisika na upepo kila siku unakatakata vimizizi vipya. Baada ya hapo kivulini kidogo wiki kadhaa, bila mbolea.

Maji. Kila mtu ananiuliza mara ngapi kwa wiki na jibu hakuna, kiangazi cha huku joto likipanda mara mbili kwa siku, mwezi wa kumi pengine siku ya tatu. Mi nina kijiti cha kulia wali cha mianzi, nimekichomeka kwenye chungu karibu na shina. Nakitoa, naangalia. Kikiwa na rangi ya unyevu nakirudisha naenda zangu, kikiwa kimekauka kwa juu na kina ubaridi kidogo kwa chini namwagilia, na nikimwagilia namwagilia kweli, chungu chote mpaka maji yanatoka chini, nasubiri dakika, narudia. Kikombe cha kuonja onja kile nilikiacha.

Waya sitazungumza sana kwa sababu bado najifunza, ila natumia wa alumini, unauzungusha kwa mshazari bila kukaba, alafu unapinda tawi taratibu huku vidole gumba vyote viwili viko upande wa ndani wa mkunjo. Junipa inapindika sana, inashangaza. Lakini inachukua muda kushika, miezi sita mpaka mwaka, na hapo katikati lazima uwe unakagua maana tawi likinenepa waya unazama kwenye gome na kovu lake halitoki upesi. Wakati wa kutoa ukate waya vipande vipande na koleo, usijaribu kuuzungusha kurudi, nilivunja tawi zuri la upande wa kulia hivo hivo, tawi nililolingojea mwaka mzima, nikasikia tu mlio.

Lile tawi lililovunjika ndo lilinipa kitu kingine. Kwenye junipa tawi lililokufa halitupwi, unaweza kulibakiza kama mfupa mweupe, Wajapani wanaita jin, kwa sababu mlimani miti hii inapigwa na theluji na radi mpaka sehemu yake inakuwa mifupa mitupu na nusu nyingine bado inaishi. Nikabana gome na koleo kuzunguka, nikalivuta. Lilitoka kama soksi. Na ile harufu ikanipanda. Jamani. Baba alikuwa na sanduku la mwangati la kuwekea nguo za Idi, lilikuwa chini ya kitanda, ukilifungua tu ile harufu inatoka kama ya penseli iliyochongwa sasa hivi lakini nzito zaidi, tamu, na sisi watoto tulijua ikisikika ile harufu kesho kuna sikukuu. Sikuwa nimeisikia miaka kumi na moja. Nilikaa kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba na lile ganda la gome nimelishika puani mpaka mume wangu akatoka kuuliza kuna nini.

Wadudu: kiangazi kikikauka sana kuna utitiri, vidogo mno huvioni kwa macho hivi hivi. Weka karatasi nyeupe chini ya tawi, gonga tawi mara mbili tatu, subiri. Ukiona vumbi limeanza kutembea, ndo wenyewe. Piga tawi na maji ya mpira kwa nguvu kidogo, hasa kwa chini ya majani, siku kadhaa mfululizo. Mti uliopo nje wenye hewa haupati sana shida hii, ule wa dirishani ndo unaliwa mzima mzima.

Winta sasa. Naushusha kutoka kwenye meza naweka chungu chini kabisa kwenye ardhi, upande wa ukuta usio na upepo, nakizungushia matandazo ya maganda ya miti mpaka kwenye ukingo. Majani yanaweza kuvumilia baridi kubwa, mizizi ndo dhaifu, na mizizi ya kwenye chungu imezungukwa na baridi pande zote tofauti na ile iliyo ardhini. Upepo mkavu unaua kuliko theluji. Theluji yenyewe ni kama shuka tu. Na maji bado yanahitajika siku ambazo chungu hakijaganda, watu wanasahau kabisa. Majani yatageuka rangi, yanakuwa na wekundu wa shaba au kama zambarau kidogo, mwaka wa kwanza nilitetemeka nikadhani tumerudi kule kule, nikakwangua gome kwa chini sehemu ndogo sana: kijani. Ilikuwa imelala. Mwezi wa nne ilirudi rangi yake.

Januari hii nilikuwa naongea na mama kwa video, nikamuonyesha ule mti uani, theluji imeufunika kinaonekana kichwa tu. Mama akashtuka, mwanangu ingiza mti wa watu ndani utakufa kwa baridi! Nikamwambia mama huo ni ndugu yake na mwangati. Akasogeza simu karibu na macho, akakaa kimya, akaniambia kumbe, mbona mdogo hivo. Alafu akamuita jirani aje aone.

Kama uko karibu na Washington nakuomba nenda pale kwenye bustani ya taifa ya miti, kuna makumbusho ya bonsai na kuingia ni bure. Japani iliwapa Marekani miti 53 mwaka 1976, mmojawapo ni msonobari ulioanza kulelewa mwaka 1625 na ulikuwa Hiroshima siku ya bomu ukapona. Lakini mimi huwa nasimama kwenye msitu mdogo wa junipa unaoitwa Goshin, wa John Naka, Mmarekani mwenye asili ya Japani. Alianza na miti miwili mwaka 1948, akaongeza na kuongeza, ikafika 11, kila mti mjukuu wake mmoja, na mwaka 1984 akautoa kwa ajili ya makumbusho. Ukiinama macho yako yakawa sawa na chungu unaona msitu kabisa, mashina yamenyooka, mifupa myeupe juu kwenye ncha, giza dogo katikati. Mi naona Shume. Mara ya kwanza nilikaa pale mpaka mlinzi akaja kuniambia wanafunga.

Nyumbani watu wananiuliza kama wanaweza. Wa Lushoto, Arusha, Njombe, kokote kwenye baridi, mi nasema jaribu mwangati, ila tafuta mche kwenye kitalu, usiende kung'oa msitu wa Magamba, ile ni hifadhi na mwangati unakua polepole sana, mti ukitoka hautarudi kwenye maisha yako. Wa Dar na Tanga mjini tafadhali msinunue junipa kwa mtu yeyote, joto la pale halina usiku wa kuupumzisha. Chukueni mti wa jamii ya mkuyu, au mbuyu mchanga, inapenda joto na ukiikata inachipua tena hata ukikosea.

Na kama umepewa zawadi ya bonsai ya junipa yenye vijiwe juu, vijaribu na kidole leo hii kabla hujalala. Visipocheza, chukua bisibisi, anzia pembeni ya chungu mbali na shina, vibanduebandue vyote, alafu tumbukiza chungu kizima kwenye beseni la maji mpaka mapovu yaishe kutoka. Ukimaliza uweke nje.